Habari za Binti Lumemo

Saluni yangu haina redio. Wateja wananisema kwa hilo, wengine mbele yangu, wengine wakishafika mlangoni, kwamba nywele nazisuka vizuri lakini ukikaa kwangu saa nne unatoka kama uliyetoka kuungama. Nawaambia mwenye hamu ya muziki aende kwa majirani, wapo wanne kwenye barabara hii hii ya Lipangalala, hapa Ifakara, na wote wana spika kubwa kuliko vyumba vyao. Ndivyo nilivyo. Nikisema hapana huwa ni hapana, na mume wangu ameshazoea.

Lakini simu huwezi kumpokonya mteja. Mwezi uliopita alikaa kwenye kiti changu binti mmoja wa chuo, namsuka rasta, akaanza kumsomea mwenzake habari za burudani. Nani kamwacha nani. Nani katoa wimbo, na kwenye video kavaa nini. Mchora katuni gani kagombana na nani. Nikavumilia. Halafu akasoma kwamba mwimbaji fulani ameahirisha onyesho kwa sababu miguu imevimba na daktari amemwambia apumzike, na mwenzake akacheka, akasema, "Anajishaua tu huyo, tiketi hazijauzika." Niliacha rasta katikati. Niliwaambia nimesahau kitu jikoni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, nikalia mpaka nikasikia wananiita.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka jinsi habari hizo zilivyotufikia zamani. Simu ilikuwa moja kwa mtaa mzima na mwenye nayo aliipokea amesimama. Gazeti la katuni lilipita mikono ishirini mpaka kingo zake zikawa laini kama kitambaa, na ukilipata ukurasa wa mwisho umeshachanwa kufungia karanga. Kila msichana alikuwa na daftari la nyimbo, maneno yameandikwa kwa peni ya bluu, kiitikio kwa nyekundu, na pembeni ua la waridi lililochorwa vibaya. Dada yangu alikuwa nayo manne.

Dada yangu aliitwa Skolastika, sisi tulimwita Skola. Alinizidi miaka minane, na moyo wake ulikuwa mbovu. Ndivyo tulivyosema nyumbani, moyo mbovu, kama watu wanavyosema baiskeli mbovu. Aliugua homa ya viungo akiwa mdogo, homa ikapona, moyo haukupona. Alipofika kidato cha pili akashindwa kutembea mpaka shule bila kusimama kila baada ya nyumba tatu, baba akasema basi, apumzike. Kuanzia hapo akawa anaishi kwa bibi, mama yake baba, hapa hapa Lipangalala, karibu na hospitali alikokwenda kliniki.

Akawa mtu wa barazani. Alikaa juu ya mkeka na mito mgongoni, na dunia yote ya muziki ikawa inapita hapo. Mama mmoja aliyekuwa anauza mandazi alimtengea kurasa zenye katuni kabla hajazifungia mandazi. Fundi baiskeli wa jirani aliongeza sauti ya redio yake kila alasiri kipindi cha burudani kilipoanza, akapunguza kikiisha, na hakuna aliyewahi kumwomba. Skola hakuwa ameingia ukumbi wowote wa muziki tangu azaliwe, lakini ungemsikia anavyoongea ungedhani wasanii wote wa Dar es Salaam wakiamka huja kwanza kumpa shikamoo. Mimi nilimwamini kwa kila kitu. Nilikuwa na miaka tisa, na kwangu mtu aliyejua maneno yote ya nyimbo zote hawezi kuwa mgonjwa sana.

Kila msimu, mpunga ulipoanza kutia maziwa, tulihamia shamba. Watu wa bonde hili wanajua, na asiyejua nimweleze. Mashamba yako ng'ambo ya mto, na kwelea wakitua asubuhi moja tu juu ya mpunga mchanga, jioni unabaki na mabua. Kwa hiyo familia inafunga mlango wa mjini, inavuka Kivukoni na vyungu na mikeka na kuku, inakwenda kuishi kwenye kibanda cha nyasi mpaka mavuno. Siku hizo daraja halikuwepo, tulivuka kwa mtumbwi. Katikati ya shamba baba alijenga dungu, jukwaa refu la miti, na kazi yangu ilikuwa kukaa juu yake tangu alfajiri, napiga debe, navuta kamba zenye makopo, napiga kelele mpaka koo linawaka. Ndiyo kuamia ndege. Mwaka ule tulikwenda watatu, baba, mama na mimi. Skola akabaki kwa bibi.

Bibi alikuwa na mwiko mmoja alioushika kuliko amri za kanisani. Mpunga ukishachanua, habari ya ugonjwa haivuki mto. Ukiipeleka shambani mpunga unasikia, unaingiwa na huzuni, na punje zinakuwa mapepe matupu. Sijui kama sisi Wandamba wote tuliamini hivyo au ni ukoo wetu tu, ila kwetu hakuna aliyethubutu kujaribu. Walisimulia kwamba kabla sijazaliwa mtu mmoja alipeleka shambani habari ya babu kuumwa, na mwaka huo walipepeta makapi mpaka mwisho. Kwa hiyo kila aliyetoka mjini, akiulizwa za nyumbani, alijibu, "Hawajambo wote." Na aliyeuliza aliitikia, "Ashukuriwe Mungu," na hakuuliza mara ya pili.

Aliyekuja kila Jumamosi alikuwa mjomba Kastori, ndugu yake mama, mchuuzi wa samaki. Alivuka na baiskeli yake ndani ya mtumbwi, akanunua samaki kwa wavuvi, akapita kwetu na chumvi na mafuta ya taa, akarudi mjini kabla jua halijatua. Jumamosi ya kwanza alitoa ndani ya tenga karatasi zilizokunjwa mara nne, zinanuka kambale wa kukausha.

"Mhariri amekutumia," akaniambia.

Lilikuwa gazeti. Skola alikuwa ametengeneza gazeti zima kwa karatasi za daftari la hesabu, zile zenye viboksi, akalishona katikati kwa uzi mweusi. Juu aliandika kwa kalamu nene ya zambarau: BARAZANI. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Nani Kafanya Nini. Wa pili ulikuwa Kumi Bora, nyimbo kumi alizozipanga mwenyewe bila kumwuliza mtu. Wa tatu ulikuwa wa katuni, na katuni yake ilihusu Afande Kambale, samaki mwenye masharubu na kofia ya polisi, anayekamata watu wanaovua kwa chandarua. Wa nne ulikuwa wa barua za wasomaji, na kwa kuwa gazeti ndiyo kwanza limetoka, barua zote alijiandikia mwenyewe na kujijibu kwa ukali.

Kwelea hupumzika jua likiwa kali. Hapo ndipo tulipolisoma, saa sita mchana, chini ya dungu, baba na mama na mjomba Kastori, na jirani yetu wa shamba, mama Kulwa. Mama Kulwa alikuwa Msukuma, wao walihamia bondeni na ng'ombe wao, na wazee wengine hawakuwapenda kwa sababu ya hao ng'ombe, lakini yeye alikuja na maziwa ya mgando kwenye kibuyu akakaa kwenye kivuli chetu kama aliyezaliwa hapo. Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji, nimeshika bua la mpunga mdomoni ndiyo maikrofoni. Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka, lakini Afande Kambale alipomwomba kiboko kibali cha kulala kwenye shamba la watu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia. Mama Kulwa alipiga makofi. "Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana! Huyo mtoto ana kichwa."

Na humo ndimo nilimokutana na Binti Lumemo.

Alikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, katikati ya majina makubwa ambayo kila mtu aliyajua. Msanii mpya kutoka Ifakara, liliandika gazeti, ametoa wimbo unaotikisa bonde lote, ana sauti ya kutoa nyoka pangoni, na ameapa hatahamia Dar es Salaam hata wamfuate kwa ndege. Sikuwa nimewahi kumsikia, lakini mimi nilikuwa nani? Sikuwa na redio shambani. Nilimpenda saa ile ile. Hatukuwa tumewahi kupata msanii wa kwetu, mwenye jina la mto tulimooga.

Jumamosi ya pili Binti Lumemo alikuwa ameahirisha onyesho. Nakumbuka maneno yote, kwa sababu nilirudia kuyasoma nikiwa juu ya dungu wiki nzima. "Mashabiki walibaki vinywa wazi pale msanii huyo aliposhindwa kupanda jukwaani, kwa kuwa miguu yake imevimba na viatu vyake vya dhahabu havimwingii tena. Yeye mwenyewe amesema si kitu." Nilimwonea huruma kwa ajili ya viatu.

Jumamosi ya tatu aliimba akiwa ameketi. Tena gazeti likaeleza kwamba siku hizi Binti Lumemo halali kama watu wengine, anaegemezwa mito mitatu na kulala ameketi wima kama malkia kwenye kiti chake, na akijaribu kulala chali pumzi zinamkimbia. Mimi nilidhani ni mtindo. Nilidhani mtu akishakuwa msanii mkubwa, kulala chali anawaachia wakulima. Usiku ule nikaviringisha gunia nikaliweka mgongoni, nikalala nimeketi, na asubuhi shingo imekauka upande mmoja nikamwambia mama kwamba mastaa wana shida sana. Mama alinikanda shingo kwa maji ya moto.

Wakati naisoma habari hiyo mchana, mama Kulwa ndiye aliyenikatisha. Yeye alisikiliza habari za wasanii kama mtu anavyosikiliza habari za majirani.

"Huyo msichana hana watu?" akauliza.

"Ana mashabiki wengi sana," nikamjibu.

"Siulizi mashabiki. Nauliza mama. Baba. Mtu analala ameketi, halafu wanamtazama tu?"

Mama akainuka, akachukua debe, akaanza kulipiga. Hapakuwa na ndege hata mmoja angani. Nilikasirika kwa sababu alinifunika sauti, na nilikuwa sijafika kwenye katuni.

Katuni yenyewe nayo ilikuwa inapungua. Afande Kambale wa kwanza alikuwa na magamba na vifungo vya shati, ukurasa mzima viboksi sita. Wa tatu alikuwa kiboksi kimoja, amechorwa kwa mistari michache, amekaa. Niliona Skola anakuwa mvivu. Nilimwambia mjomba Kastori amfikishie kwamba wasomaji wanalalamika, na mjomba akatazama ardhi, akasema atafikisha.

Jumamosi ya nne gazeti lilikuwa karatasi moja. Kumi Bora haikuwepo, katuni haikuwepo, barua hazikuwepo. Herufi zilikuwa zinapanda na kushuka nje ya viboksi. Habari ilikuwa moja tu. "Binti Lumemo anatarajia kuanza ziara ndefu hivi karibuni. Kabla ya kuondoka anawaomba mashabiki wake walioko mashambani, hasa wale watatu anaowapenda kuliko wote, waje wamwone hata kwa siku moja. Amesema hataimba, wataongea tu."

Niliisoma kwa shangwe. Nasema kweli, na Mungu ananisikia, niliruka. Ziara ndefu! Nilidhani anakwenda Ulaya. Baba alivaa kofia yake akaenda kutazama mfereji. Mama alikuwa anachambua mboga, akaendelea kuchambua, majani na vikonyo vyote sufuria moja. Mimi nikachana karatasi nyuma ya daftari langu nikaandika barua ya msomaji, maana hii ilikuwa habari ya kujibiwa. Niliandika hivi: "Mhariri wa Barazani. Mwambie Binti Lumemo asihuzunike. Sisi mashabiki wake tutakuja tukishavuna. Mwambie atusubiri. Asiondoke kwanza." Nikaikunja mara nne, nikampa mjomba, na yeye akaiweka kwenye mfuko wa shati, hakuiweka kwenye tenga.

Jumamosi ya tano mjomba Kastori alikuja na chumvi peke yake.

"Gazeti liko wapi?" nikamdaka kabla hajashuka kwenye baiskeli.

"Mhariri amepumzika wiki hii."

Mama akatoka kibandani. "Za nyumbani, Kastori?"

"Hawajambo wote, dada."

"Ashukuriwe Mungu," mama akaitikia.

Walibaki wanatazamana. Mimi niliondoka na hasira zangu kwenda kupanda dungu.

Jumanne mjomba akaja tena. Mtu wa Jumamosi akija Jumanne, tena hana tenga, hata mtoto anaelewa. Ugonjwa ndio hauvuki mto. Kifo kinavuka. Mama hakungoja aambiwe, alikaa chini kwenye tope la njiani na kitenge chake kipya, akaanza kupiga mapaja yake kwa viganja, bila sauti, muda mrefu, kisha sauti ikaja. Mama Kulwa alikuja mbio akipita katikati ya mpunga, akamkumbatia kwa nyuma, akamwambia baba, "Nendeni, ndege nitawaamia mimi." Hakuweza mashamba mawili, masikini. Tuliporudi baada ya matanga, kwelea walikuwa wamemaliza upande wote wa mashariki.

Dada yangu tulimkuta amefunikwa shuka nyeupe sebuleni kwa bibi. Kuna ndugu walinishika nisisogee. Ninachokumbuka ni mito. Mito mitatu ilikuwa imeanikwa juani, juu ya uzio wa matete, na mimi nilipita karibu nayo nikaiona na sikuielewa. Jioni, watu wakiwa wameketi kwenye mikeka wanaimba nyimbo za kanisani, nilimfuata binamu yangu mkubwa nikamwuliza kama wamemtaarifu Binti Lumemo. Nilisema lazima aje kuimba msibani kabla ya ziara yake, kwa kuwa hakuna mwandishi aliyemwandika vizuri kama Skola.

"Binti Lumemo ndiyo nani?" akauliza.

Nikamweleza. Alinitazama kama anayetazama mtoto mwenye homa. "Hakuna mtu kama huyo," akasema. "Mimi nasikiliza redio kila siku. Hakuna."

Nilimwita mwongo. Nilimpiga ngumi ya kifua pale pale msibani, wakanibeba.

Nilikuja kuelewa nikiwa kidato cha pili, kwenye somo la baiolojia. Mwalimu alichora moyo ubaoni kwa chaki nyekundu na bluu, akasema moyo ukichoka kusukuma damu, maji yanajaa mwilini, miguu inavimba, mgonjwa anashindwa kulala chali kwa sababu ya kukosa pumzi. Aliyasema kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya shule. Niliinuka nikatoka bila ruhusa, nikachapwa kesho yake, na sikueleza sababu. Ningemweleza nini? Kwamba dada yangu alizuiwa kusema anakufa, akajitungia jina, akajiweka katikati ya mastaa, akaniandikia kila Jumamosi jinsi anavyokufa, na mimi nikasimama chini ya dungu nikawasomea watu kwa madaha, bua mdomoni? Kwamba aliniomba niende nikamwambia asubiri tuvune?

Niliibeba barua ile miaka yote. Sijui nyinyi mna kitu gani mlichokifanya utotoni ambacho mkikikumbuka mnaimba kwa nguvu ili msikisikie. Changu ni hicho. Gazeti lililetwa kwangu mimi. Baba hakujua kusoma vizuri, mama hakujua kabisa. Msomaji nilikuwa mmoja, na msomaji hakuelewa. Baba alikufa bila kulitaja jina la Skola mbele yangu, nami nikamshukuru kwa hilo, nikidhani ananisitiri.

Sasa nirudi kwenye saluni. Siku mbili baada ya yule binti wa chuo, mama alikuja nimsuke. Amezeeka, nywele zake ni nyeupe na chache, na hapendi kiti, anataka kuketi chini kwenye mkeka kichwa kikiwa katikati ya magoti yangu kama tulivyokuwa tunasukana nyumbani. Namsuka mistari midogo ya kwenda nyuma, afunge kitambaa aende kanisani. Nilikuwa bado nimejaa. Nikajikuta nimeanza kumweleza habari ya simu, ya mwimbaji na miguu yake, na jinsi nilivyolia juu ya ndoo. Na kwa kuwa sikuwa naona uso wake, nikaendelea. Nilisema, "Mama, mimi ndiye niliyemwua Skola. Aliniandikia akaniambia kila kitu, sikuelewa."

Nikamaliza mstari mzima.

"Mimi nilielewa," akasema.

Nilidhani sikumsikia.

"Ile ya viatu sikuielewa. Ile ya mito niliielewa. Wewe unasoma, mimi namwona mwanangu ameketi kwa bibi yako. Usiku nilimwambia baba yako. Akasema twende. Halafu akatoka nje akautazama mpunga, akarudi, akasema twende Jumamosi ijayo, ukishakomaa. Nami nikasema ndiyo, Jumamosi ijayo." Sauti yake haikutetemeka, na hilo liliniuma zaidi. "Kila Jumamosi lile gazeti likija nilijiambia, anayeandika hajafa. Mradi linakuja, bado tuna muda."

Mikono yangu ilikuwa juu ya kichwa chake, haifanyi chochote.

"Na barua yako aliisoma," akasema. "Bibi yako aliniambia siku ya kuondoa matanga. Kastori alimsomea kwanza, kisha Skola akaitaka aisome mwenyewe. Alicheka. Alimwambia bibi yako, 'Mwone huyu, ameniamini mpaka mwisho,' akalala nayo chini ya mto. Alifurahi. Bibi yako alisema wiki ile hakuwahi kumwona amefurahi hivyo."

Miaka yote hiyo. Ningeambiwa maneno hayo nikiwa na miaka tisa, au kumi na tano, au siku niliyochapwa, ningeishi maisha mengine. Hasira niliyoisikia siwezi kuiandika, ilinipanda mpaka masikioni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje kwamba alifurahi, bila kukuambia kwamba nilijua?"

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa mtoto wangu uliyebaki," akasema. "Niliogopa ukijua, nitabaki sina hata mmoja."

Hakugeuka. Alikaa ameinamisha kichwa, nusu kimesukwa na nusu kimesimama, mabega yake madogo yamegusa magoti yangu, akasubiri. Nje fundi baiskeli mpya wa jirani alikuwa anapiga muziki wake. Nilitaka kumwambia ainuke atoke. Nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilichukua kitana, nikagawa nywele zilizobaki, nikasuka kwa kuzivuta kuliko inavyotakiwa, mstari baada ya mstari, na yeye hakusema inauma.